Ndege Iliyovunja Mti wa Kunyongea

Asubuhi ile Tabu alipokwenda kuutazama unga wa tambiko chini ya mti wa msolo, aliukuta umesimama. Jioni iliyotangulia aliuchuruzisha kwa vidole, polepole, mpaka ukawa kichuguu kidogo chenye ncha, akakifunika kwa chungu kama alivyofundishwa na mama yake, akaomba alichokuwa anaomba. Kichuguu kikibomoka usiku, mizimu imekataa. Kikisimama, imekubali. Hiki kilikuwa kimesimama, ncha na yote. Tabu akakirudishia chungu chake, akajifunga kaniki juu ya tumbo la mimba, akashuka kwenda boma kungoja mumewe asinyongwe.

Unga wenyewe ulikuwa mchache. Maghala ya ng'ambo ya mto Ruhila yalikuwa yamechomwa moto na askari wa boma, la Tabu likiwamo, na alichookoa ni gao moja la ulezi, la kujaa kiganja. Aliposaga aliona hautatosha kusimama, akauongezea majivu. Hakuona kosa. Majivu nayo yalikuwa ya ulezi uleule.

Mumewe, Daimu, alikamatwa mtoni na kibuyu cha maji. Ulikuwa mwaka wa vita vya maji, na mtu kukutwa na maji lilikuwa jambo la kujieleza. Daimu alieleza kwamba maji yale ni ya kunywa. Salum, mkalimani wa boma, akatafsiri kwamba ni ya kunywa. Bwana Otto, luteni aliyekuwa mkubwa wa boma wakati huo, akasema ndiyo, anajua, waasi wote wanayanywa. Tafsiri ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho, na haikumfaa mtu.

Ndege ilitokea upande wa milima ya Matogoro wakati askari wanajipanga uwanjani. Ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni, ya kubeba watu wanne, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja. Ilizunguka mji, ikapunguza mngurumo, ikajielekeza kutua. Kipupwe kilikuwa kimeingia, na moshi wa wakati wa baridi haupandi. Ulikuwa umelala bondeni tangu alfajiri. Ndege iliingia katika moshi huo juu ya Ruhila, ikatokea upande wa pili ikiwa chini kuliko ilivyopaswa, na bawa lake la kushoto likaupiga mti wa kunyongea, ambao seremala alikuwa ameumaliza jana yake. Boriti ya juu ilikatika. Bawa nalo likang'oka. Kilichobaki kiliteleza kwa tumbo mbele ya askari, kikaua mbuzi mmoja, kikaingia katika mihogo ya Bwana Otto, kikatulia.

Daimu alikuwa amesimama chini ya mti ule na kamba shingoni. Baada ya vumbi kutua alikuwa bado amesimama na kamba shingoni, na ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa askari aliyekuwa akitafuta pa kuifunga.

Rubani alishuka akijifuta damu kwenye nyusi.

"Uwanja uko wapi?" aliuliza.

"Si huu hapa," akajibu Salum.

"Nauliza uwanja wa ndege."

"Huo bado haujajengwa."

Rubani akatazama milima ya Matogoro, akautazama mto, akakubali kwamba ni Songea. Alisema anaitwa Fidelisi, ametoka Mtwara asubuhi ileile, na kwamba alikotoka miaka imekwisha kuvuka mia na zaidi tangu vita hivi. Salum akamtafsiria Bwana Otto. Bwana Otto hakushughulika na miaka. Macho yake yalikuwa kwenye mabega ya shati la Fidelisi, yenye mistari mitatu ya dhahabu, mingi kuliko aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, na hakujua nani aanze kumpigia mwenzake saluti. Mwishowe wakaamkiana kwa mikono.

Kisha Bwana Otto akatoa amri. Ndege hazianguki zenyewe. Ipo sababu, na nyuma ya sababu yupo mtu. Salum atachunguza. Mpaka mtu huyo ajulikane hatanyongwa yeyote, kwa kuwa si utaratibu kuwanyonga watu nusunusu, leo huyu kesho yule, na tena mti umevunjika. Daimu akavuliwa kamba, akarudishwa mahabusu. Tabu alirudi nyumbani akipita njia ya msolo ili ashukuru.

Jioni hiyo Fidelisi alifika kwake. Alikuwa ameulizia mji wa Daimu, akaelekezwa. Alimkuta Tabu anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huila njaa ikishika, pamoja na wifi yake Mwanaisha, dada mkubwa wa Daimu. Fidelisi alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza masikioni. Tabu alikuwa binti aliyeolewa mwaka juzi. Fidelisi akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu Tabu bila kusita, maana salamu hairudishwi na maswali. Baadaye ndipo akauliza, "Mimi ni bibi yako kwa upande upi?"

"Huyo uliyembeba tumboni ndiye atamzaa baba yangu."

Mwanaisha akamsogezea kigoda. Akamwambia kwamba ana masikio ya Daimu, na kwamba ni vizuri amekuja, ila angekuja na chakula.

Chakula alikuwa nacho. Katika ndege mlikuwa na mfuko wa unga wa sembe aliokuwa akimpelekea mama yake, lakini askari walikuwa wameuchukua kuwa ushahidi, na jioni ileile walianza kuusonga ushahidi huo ugali.

"Babu alikuwa akitusimulia juu ya baba yake kila kipupwe," alisema Fidelisi. "Alisema, baba yangu aliondoka na ndege."

Tabu akaacha kumenya. "Hakunyongwa?"

"Nyumbani kwetu sijapata kusikia habari ya kunyongwa, bibi. Ya ndege tu."

Tabu alifurahi sana. Kesho yake alikwenda mahabusu na ming'oko ya kuchemsha, akamweleza mumewe kupitia ufa wa ukuta. Daimu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliitafuna habari pamoja na ming'oko, kisha akauliza kama katika ndege mtu hukaa mbele au nyuma.

"Popote utakapo, Daimu. Viti vipo vinne."

"Basi nitakaa nyuma," akasema Daimu. "Nisimsumbue anayeendesha."

Salum alikuwa mtu wa Kilwa, mwenye kanzu moja safi na woga mwingi. Hakuwa mtu mbaya. Kinywa chake kilikuwa kimewapeleka watu wengi kwenye kamba, kila mmoja kwa tafsiri sahihi, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa kazi ambayo ikichelewa mtu anaishi. Basi akaichelewesha. Alipima kwa kamba ya katani toka mtoni hadi kwenye mihogo, akapima tena kwa sababu kamba ya katani hunywea kwa umande. Alimhoji mwenye mbuzi. Alimhoji mwanamke aliyekuwa kisimani ameipa ndege mgongo, naye alieleza vizuri sana jinsi ambavyo hakuona kitu. Bwana Otto alipouliza kulikoni, Salum alimjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Bwana Otto aliupenda msemo huo. Akaurudia mezani kwake kwa siku kadhaa, na Daimu akaishi siku hizo zote.

Fidelisi naye kila asubuhi alikwenda kwenye mihogo kuitazama ndege yake. Injini ilikuwa nzima. Magurudumu yangeweza kunyooshwa. Tatizo lilikuwa bawa, lililokuwa limelala peke yake karibu na mti uliovunjika, na kunguru walikuwa wameanza kulizoea. Seremala alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akasema linaweza kuungwa, yeye ameunga mambo mengi, ila hana ruhusa. Tabu alimletea Fidelisi maji ya kunywa kwenye kata. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyebeba kibuyu.

Ikafika zamu ya kumhoji rubani mwenyewe. Waliketi kwenye ngazi za boma, na Bwana Otto alikuwa nyuma yao kwenye kiti cha turubai, akisikiliza lugha ambayo alikuwa ameanza kuielewa kuliko alivyoonyesha.

"Ulikuwa unaona nini?" aliuliza Salum.

"Mtu anaposhuka na ndege, macho yake ndiyo miguu yake. Niliingia kwenye moshi, miguu ikapotea. Niliposhika ardhi kwa macho tena, niliona boriti."

"Moshi wa nini?"

"Ulinukia ulezi," akasema Fidelisi. "Ulezi, na mahindi, na kitu kama nyasi za paa."

Salum alijua moshi huo ni wa nini tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na mtu Songea asiyejua. Lakini mchunguzi hujua kwa kwenda, basi akaenda, na kwenda kukampatia siku nyingine. Alivuka Ruhila, akapanda, akakuta askari wanaota moto kwenye ghala la mtu. Nafaka ilikuwa inapasuka ndani kwa sauti ndogondogo. Mwenye ghala alikuwa ameketi kando na wanawe, nao pia wanaota moto, kwa kuwa kulikuwa na baridi na moto ni moto.

"Nani aliyeuwasha?" aliuliza Salum.

"Sisi," wakajibu askari. "Ni amri. Asiye na chakula hapigani."

"Na kesho?"

"Kesho tunapanda kule." Wakamwonyesha kilima kingine.

Salum akawashukuru. Akarudi kwa njia ndefu kuliko aliyojia.

Siku hiyohiyo Mwanaisha alikwenda kuchanja kuni upande wa msolo, akakiona chungu cha tambiko. Alikifunua. Kichuguu kilikuwa bado kimesimama vilevile, ingawa siku nyingi zilikuwa zimepita na mchwa hawakuwa wamekigusa. Akakigusa kwa ncha ya kidole, akanusa, akaonja. Alirudi nyumbani hana kuni.

"Wifi, ulitia nini kwenye unga?"

"Ulikuwa hautoshi," akasema Tabu. "Nikaongeza majivu kidogo."

"Kidogo?"



Mwanaisha akaketi chini. Hakuwa mkali. "Unga husimama ukikubaliwa, ukikataliwa unaanguka," alisema. "Majivu husimama siku zote, wifi yangu. Majivu hayakujibu kitu. Hujauliza bado."

"Na ndege iliyokuja?"

"Ndege imekuja. Sijui nani aliyeileta."

Tabu alikaa na maneno hayo mpaka jua lilipoelekea kuzama, kisha akaenda kwa Salum kuomba gao moja la ushahidi. Salum alikung'uta mfuko wa sembe. Askari walikuwa wameubakisha kiasi cha kushika kwa vidole, nao akampa wote, akasema ni wa kufanyia uchunguzi. Tabu akauchuruzisha chini ya msolo, kando ya ule wa kwanza, mweupe kando ya wa kijivu. Safari hii hakuomba kwa maneno mengi. Alisema tu, "Mnamjua." Akafunika.

Usiku ulipoingia vilikuwa vichuguu viwili, na asubuhi kilikuwa kimoja. Wa kijivu ulikuwa umesimama. Mweupe ulikuwa umelala chini wote, umetandazika kana kwamba mtu ameufuta kwa kiganja, na upepo haukuwapo. Tabu alichukua muda mrefu kufunika. Fidelisi, aliyekuwa amemsindikiza, alimwambia kwamba unga wa sembe wa dukani ni laini mno, una kawaida ya kuanguka. Tabu akamwambia asante, mjukuu wangu.

Bwana Otto alimwita Salum asubuhi hiyohiyo. Alisema ameutafakari ule msemo wa haraka na baraka, na sasa anataka jibu.

"Ni moshi, bwana," akasema Salum.

"Moshi wa nani?"

Salum alitazama kanzu yake. Kwa miaka yote pale boma hakuwahi kusema neno lililokuwa lake. Maneno yake yote yalikuwa ya mtu wa kulia au ya mtu wa kushoto. "Wa maghala, bwana. Tunayoyachoma sisi."

Hakupigwa. Bwana Otto aliitikia kwa kichwa, kwa utulivu, kama mtu anayeletewa hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Akasema uchunguzi ni mzuri. Moshi umeiangusha ndege, na moshi ni wa maghala. Maghala yanachomwa kwa sababu ya uasi, na uasi ni wa waasi. Kwa hiyo walioiangusha ndege ni waasi, na mmoja wao bahati nzuri tayari yuko mahabusu. Akamshukuru Salum. Akaongeza amri mbili. Ya kwanza, siku ya kunyonga lisichomwe ghala hata moja, ili anga liwe wazi asije akaanguka rubani mwingine. Ya pili, seremala asikate mti mpya. Miti ya huku huliwa na mchwa, na pale uwanjani limelala bawa lenye uti wa chuma kisicholiwa.

Fidelisi alikwenda kumwombea Daimu. Bwana Otto alimpa kiti, akamwagizia chai, akaitazama tena mistari ya mabega yake, akasema inamsikitisha sana. Chai ilikuwa nzuri. Fidelisi hakuinywa.

Siku ilipofika, anga lilikuwa jeupe pe. Matogoro ilionekana mpaka mawe yake. Watu waliitwa wakaja, kwa kuwa kutokuja nako kulikuwa uasi. Bawa lilikuwa limewekwa juu ya nguzo mbili, jeupe, na mstari wake wa buluu ukipita katikati, na lilikaa imara kuliko boriti ya kwanza. Seremala alilisifu mwenyewe, kisha akaondoka asitazame. Daimu aliletwa kwa mnyororo. Aliinua uso, akalitazama lile bawa toka mwanzo hadi mwisho, kisha akamtafuta Tabu katika watu mpaka akamwona.

"Kumbe ndiyo hii," akasema.

Bwana Otto aliuliza mfungwa amesema nini. Salum akajibu kwamba hakusikia. Ilikuwa tafsiri yake ya kwanza isiyo sahihi, na haikumfaa mtu nayo.

Tabu alilia mpaka sauti ikamkauka, na Mwanaisha alilia pamoja naye, akimlilia mdogo wake wa pekee. Hawakupewa maiti. Daimu alizikwa na wengine katika shimo moja nyuma ya boma, na juu yake wakapanda mihogo, kuziba pengo la ile iliyoharibiwa na ndege.

Fidelisi hakurudi alikotoka. Ndege yenye bawa moja haiendi popote, na njia ya miguu ya kwenda huko haipo. Alijifunza kuchimba ming'oko, akawa anaichimba vibaya na kulaumiwa na Mwanaisha. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa kinaizuia mihogo kukua, basi Bwana Otto akaruhusu kikokotwe, na watu wakakivuta mpaka uani kwa Tabu, wakakipandisha juu ya magogo, wakakifanya ghala. Lilikuwa ghala bora kuliko yote yaliyopata kuonekana huko. Panya hawakuweza kulipanda, mvua haikupenya, na mlango ulifungwa kwa komeo. Halikuwekewa kitu, kwa sababu hakikuwapo. Mwaka huo walikufa watu wengi kwa njaa kuliko waliokufa kwa risasi, na ghala lilikaa tupu na safi, viti vyake vinne vikiwa humo ndani.

Mvua za kwanza zilipoanguka Tabu akajifungua mtoto wa kiume. Fidelisi alimpokea kutoka kwa Mwanaisha, akampakata babu yake. Alimjua kwa masikio. Alilia, na mtoto akalia, na kwa kitambo ikawa vigumu kujua nani anambembeleza nani.

Jioni moja, mtoto akiwa ameanza kukaza shingo, Tabu aliketi naye mlangoni pa lile ghala. Kutwa nzima alikuwa akilitafuta neno la kumwambia. Mtoto hakuwa na umri wa kuelewa, lakini Tabu alitaka azoee kulisema kabla hajaulizwa.

"Baba yako," akaanza, "baba yako walimchukua, wakam..." Akasita. Akajaribu tena. "Baba yako aliondoka. Aliondoka na ndege."

Fidelisi alikuwa kando anachonga mpini wa jembe. Kisu kikamsimama mkononi. Ndipo alipojua hadithi ile ilitoka wapi, na kwa nini babu yake, kila alipoisimulia, alikuwa akitazama kando.

Angeweza kusema kitu. Alimtazama Tabu, aliyekuwa amekonda mpaka pete ya shaba inamcheza kidoleni, na yule mtoto, ambaye angeishi miaka mingi, na angehitaji kulala usiku kwa miaka hiyo yote.

"Na pale mwisho, bibi," akasema, kama alivyoisikia kwa babu yake, "huwa unaongeza, bila kuaga."

Tabu akamwitikia kwa kichwa, akamgeukia mtoto, akairudia yote sawasawa.

"Baba yako aliondoka na ndege, bila kuaga."

Ng'ambo ya Ruhila mvua ilikuwa imepumzika, na askari walikuwa wamelipata ghala jingine. Moshi ulianza kushuka bondeni. Mwanaisha akawaita waingie ndani kabla haujawafikia.